Mwezi na Maji ya Bahari

Fahamu, ewe ndugu Muislamu, ya kuwa mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, bahari huwa bamvua. Na uwapo nusu, huwa maji mafu. Kwa maji hayo samaki huingia mikokoni na kutoka, na mvuvi hupata riziki yake.

Wajuzi wasema mwezi na jua huyavuta maji. Ni kweli, na nguvu hiyo nayo ni kiumbe, ina Mwenye kuiweka.

Basi mwenye kuichinjia bahari amekomea kwenye alama, hakumfikia Mwenye alama. Kwa hiyo mwezi upatwapo, sunna ni kusali rakaa mbili, kila rakaa rukuu mbili, kumwelekea Aliyeuumba.

Wallahu aalam.