Trauti wa Galveston: Usome Upepo Kwanza, Mwezi Baadaye

Aliyezoea bahari ya Tanga au Mombasa, akihamia Houston na kutaka kuvua ghuba ya Galveston, kwanza huuliza mwezi ni wa ngapi. Pwani ya kwetu swali hilo lina mantiki: siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, mara mbili kwa siku. Galveston, tofauti ya kujaa na kupwa kwa kawaida haifiki nusu mita, na siku nyingine maji hujaa mara moja tu. Huko mwenye nguvu ni upepo, na anayemtafuta trauti wa madoa kwa kayaki aanze hapo.

Upepo wa kusini-mashariki ukishikilia siku mbili tatu, maji hujaa ghubani mpaka yakaingia ndani ya majani ya kinamasi. Baridi ikishuka kutoka kaskazini, maji yale hukimbilia baharini, na ulipoelea jana leo ni tope. Tovuti ya NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, huchora mistari miwili: maji yaliyotabiriwa na maji yaliyopo kweli. Tazama pengo kati yake kabla hujapakia kayaki garini. Maji yakiwa yanatoka, nenda kwenye midomo ya vijito vya kinamasi. Kamba na vidagaa husombwa nje, na trauti hungoja hapo hapo. Yakijaa, jaribu nyasi za baharini, kama zile za Christmas Bay, au kingo za miamba ya chaza. Yakisimama kabisa, kunywa chai.

Dalili nyingine ziko juu ya maji. Shakwe wanaojirusha mahali pamoja mara nyingi wanaokota kamba waliokimbizwa na trauti kutoka chini. Mkizi wakiruka ovyo kwa woga, pana anayewafukuza. Kule nako hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi. Tafuta pia doa la mafuta linalotanda laini juu ya viwimbi. Wavuvi wa Texas husema hunukia tikiti maji, na kwamba ni mafuta ya samaki waliotafunwa muda si mrefu. Doa dogo lenye kingo kali ndilo jipya. Tupa upande unakotoka upepo, kwa kuwa doa limekwisha kusukumwa.

Faida kubwa ya kayaki ni ukimya, na wengi huipoteza kwa kugongesha kafi ubavuni au kuangusha koleo sakafuni. Usiende mpaka juu ya samaki. Simama mbali, uchomeke upondo topeni na kujifunga nao kwa omo au tezi. Usifunge kamba ubavuni: mkondo ukikaza, kayaki hupinduka.

Chambo kisikusumbue sana. Kamba hai, au wa plastiki, aning'inie kama sentimita 50 chini ya boya lenye shanga. Livute mara mbili kwa mkupuo lilie juu ya maji, kisha liache litulie. Mara nyingi samaki hula wakati wa utulivu huo. Mdomo wa trauti ni laini mno. Ukikurupuka ndoana huchana nyama na kutoka, kwa hiyo kaza mshipi polepole, usiulegeze, na umwopoe kwa wavu wa mkono.

Februari 2021 baridi kali iliua samaki wanaokadiriwa kuwa milioni 3.8 pwani ya Texas, trauti wakiwemo, na kanuni zimekazwa tangu hapo. Kwa kanuni za 2024, mtu huchukua trauti 3 kwa siku, wa inchi 15 hadi 20, yaani sentimita 38 hadi 51. Aliyezidi hapo hurudishwa, ila mkubwa sana ana utaratibu wake wa tagi. Wa kurudishwa mshike kwa mikono iliyolowa. Leseni yako lazima iwe na idhini ya maji ya chumvi, na kanuni za mwaka husika zimo katika tovuti ya Texas Parks and Wildlife.

Jaketi la kuokolea ulivae, usilikalie. Beba filimbi, na taa nyeupe ukitoka kabla ya alfajiri. Ukishuka majini, buruta miguu ili samaki aina ya taa waliojifukia mchangani wakimbie. Na safari ianze kwa kuukabili upepo, ili ukichoka ukurudishe ulikoacha gari.