Antibaiotiki kwa Mtoto Mchanga

Mtahiniwa, chukua mfano huu. Mtoto wa siku 3 amefikishwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, Tabora. Ana homa na hanyonyi. Daktari anashuku bakteria kwenye damu. Hasubiri majibu ya maabara, kwa kuwa kinga ya kichanga ni dhaifu na maambukizi huenea haraka. Damu huchukuliwa kwanza, kisha huchomwa dawa mbili: ampisilini huzuia bakteria kujenga ukuta wa seli, jentamaisini huzuia utengenezaji wa protini. Majibu yakionyesha bakteria sugu, dawa hubadilishwa.

Kumbuka: kinachokuwa sugu ni bakteria, si mtoto. Wengi hupoteza alama hapo.

Swali: Kwa nini damu huchukuliwa kabla ya dawa? (Alama 2)

Jibu: Dawa ikitangulia, bakteria wanaweza wasiote maabara, daktari atakosa kujua dawa inayowaua.