UFAHAMU: Kusomea Kusikiliza

Soma kifungu kifuatacho kisha ujibu maswali. (Alama 15)

Watahiniwa wengi wanaotaka kusomea ushauri nasaha chuoni hutoa sababu moja: wanajua kuwashauri watu. Huenda ni kweli. Takriban kila darasa lina mwanafunzi ambaye hukimbiliwa na wenzake wakati wa dhiki. Hata hivyo, jina la taaluma hii limewapotosha wengi. Nasaha ni mawaidha mema, ilhali anayesomea kazi hii hufunzwa mapema kujizuia kutoa mawaidha.

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechapisha kitabu kuhusu tiba inayomlenga mteja mwaka wa 1951, alishikilia kuwa mwenye tatizo ndiye anayelijua vyema zaidi. Kazi ya mshauri ni kumsikiliza bila kumhukumu hadi mwenyewe aione njia. Kusema ni rahisi. Darasani, wanafunzi wawili huigiza kikao, mmoja akiwa mshauri na mwingine mteja. Kisha mhadhiri humwonyesha "mshauri" pale alipomkatiza mwenzake, pale alipokimbilia kumwambia "usijali", na pale kimya kilipomshinda akaanza kusimulia matatizo yake mwenyewe.

Saikolojia ni pana kuliko ushauri. Tangu Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka wa 1879, imefuata njia ya sayansi: kupima, kulinganisha na kuthibitisha. Ndiyo maana wanaoichagua ili kuepa hesabu hushtuka wanapokutana na takwimu. Isitoshe, mwanasaikolojia si daktari wa magonjwa ya akili. Daktari huyo husomea udaktari kwanza, naye huandika dawa. Mwanasaikolojia hutegemea mazungumzo na vipimo vya tabia.

Shahada ya kwanza nchini Kenya huchukua miaka minne. Kibarua kikubwa huja wakati wa mafunzo ya nyanjani, mwanagenzi anapokutana na watu wenye matatizo halisi, chini ya msimamizi. Tuseme msichana wa kidato cha tatu anamwambia, "Nikuambie jambo, lakini uape hutamwambia mtu." Mwanagenzi akiapa, amekwisha kukosea. Siri ya mteja hutunzwa, ila si pale uhai unapokuwa hatarini, na mpaka huo huelezwa mwanzoni mwa kikao cha kwanza, kabla ya siri yoyote kutolewa. Ikiwa msichana anasema anataka kujitoa uhai, mwanagenzi humjulisha msimamizi wake papo hapo, na humweleza msichana kwamba atafanya hivyo na kwa nini. Msichana huenda akamwona msaliti. Kuivumilia hasira hiyo bila kumwacha mkono ni sehemu ya mafunzo, na hakuna kitabu kinachoifanya iwe nyepesi.

Mwaka wa 2014, Kenya ilipitisha Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, iliyounda bodi ya kuwasajili wanaofanya kazi hizi.

Maswali

1. Kwa nini mwandishi anadai kuwa jina la taaluma hii limewapotosha wengi? (alama 2)

2. Taja makosa matatu ambayo mwanafunzi anaweza kuyafanya katika kikao cha kuigiza. (alama 3)

3. Tofautisha mwanasaikolojia na daktari wa magonjwa ya akili. (alama 2)

4. "Msichana huenda akamwona msaliti." Je, mwanagenzi amemsaliti? Thibitisha kwa kurejelea kifungu. (alama 4)

5. Eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumiwa katika kifungu: (alama 4)
(i) dhiki
(ii) kuepa
(iii) kibarua
(iv) mwanagenzi

Tanbihi: Swali la 4 huwaponza wengi. "Ndiyo" au "la" pekee haitoshi, na maoni yako kuhusu urafiki hayatakiwi hapa. Rejelea kile mwanagenzi alichopaswa kukieleza katika kikao cha kwanza. Katika swali la 5, usieleze "kibarua" kuwa kazi ya kutwa; tazama sentensi nzima.