Somo la Afya: Mtoto Akiendesha, Usimnyime Maji

Wengi wetu tumelelewa na neno hili: "Mtoto anayehara asipewe maji, atazidi kuendesha." Neno hili limezika watoto. Tulizungumze leo katika kikundi, bila kulaumiana.

Mche wa sukuma wiki ukinyauka juani, hatusemi usubiri. Tunaumwagilia. Mtoto naye ni hivyo hivyo. Anapohara, maji na chumvi vinatoka mwilini. Kinachoua mara nyingi si kule kuhara kwenyewe, ni kukauka. Mtoto mdogo anaweza kukauka kwa saa chache tu, na usiku dispensari imefungwa. Kwa hivyo matibabu yanaanza nyumbani, saa ile ile.

Kinywaji cha kurudisha maji

Kilicho bora ni paketi ya ORS kutoka dispensari au duka la dawa. Soma paketi kwanza: nyingine ni ya nusu lita, nyingine ya lita moja. Ukikosa paketi, tengeneza hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Pima lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Hiyo ni chupa 2 za nusu lita.
3. Tia vijiko 6 vya chai vya sukari. Pitisha kisu juu ya kijiko, kiwe sawasawa.
4. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, pia kisawazishwe.
5. Koroga, kisha onja. Kisiwe na chumvi kuliko machozi. Kikizidi, mwaga uanze upya.

Usikadirie kwa mkono! Chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto, na sukari nyingi huongeza kuhara. Mbona sukari basi? Ni kwa sababu sukari kidogo inasaidia utumbo kuvuta chumvi na maji. Kinywaji kikimaliza saa 24, kimwage.

Kumnywesha

Kila akihara, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe. Mkubwa zaidi apewe nusu hadi kikombe kizima. Tumia kijiko, polepole. Akitapika, ngoja dakika 10, halafu endelea taratibu zaidi. Usikate tamaa, mama; si yote yanayotoka.

Anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi kuliko kawaida. Anayekula apewe uji, ndizi, viazi vilivyopondwa. Njaa haiponyi tumbo.

Uliza dispensari vidonge vya zinki. Hupewa kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma, maana hupunguza ugonjwa na kusaidia usirudi upesi. Lakini usinunue dukani dawa za kufunga tumbo, wala antibaiotiki bila kuandikiwa.

Usingoje, nenda hospitali

Mpeleke mara moja ukiona:
- damu kwenye choo;
- macho au utosi umebonyea;
- amelegea, haamki vizuri, au hawezi kunywa;
- anatapika kila kitu;
- ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole;
- joto jingi;
- ni mchanga wa chini ya miezi 2.

Hata njiani, kama anaweza kumeza, endelea kumnywesha.

Kuzuia ni bora

Tuchemshe maji ya kunywa, tutumie choo, tunawe mikono kwa sabuni tukitoka chooni na kabla ya kupika au kulisha mtoto. Tena tusikose kliniki: tangu 2014 watoto wa Kenya hupewa chanjo ya rota, virusi vinavyoleta kuhara kubaya kwa wachanga.

Maswali ya kikundi

1. Kwetu watu husema nini juu ya mtoto anayehara? Lipi ni kweli, lipi linadhuru?
2. Nyanya au shangazi akikataza maji, utamweleza vipi kwa heshima?
3. Usiku tukihitaji kupeleka mtoto hospitali, nani ana gari au pikipiki? Tumechanga chochote cha dharura?

Kazi ya nyumbani: Kila mmoja atengeneze lita moja mbele ya jirani yake, waonje pamoja. Baba wasiachwe nyuma. Mama akiwa safarini, mtoto hatamngoja.