Kabla Mbunge Hajasimama: Mafunzo Niliyopata Shituru

Shituru ni moja ya komini nne za mji wa Likasi, pamoja na Kikula, Panda na komini ya Likasi yenyewe. Mkuu wetu wa komini, burugumesta, huteuliwa. Baraza la madiwani wa kuchaguliwa hatuna, kwa sababu katika uchaguzi wa Desemba 2023 kura ya madiwani ilipigwa kwenye komini za miji mikuu ya majimbo tu, na mji mkuu wa jimbo letu la Haut-Katanga ni Lubumbashi. Inaniuma ninapokumbuka kwamba mji huu, ulipokuwa bado unaitwa Jadotville, ulikuwa miongoni mwa miji mitatu ya kwanza ya Kongo ya Wabelgiji kupiga kura ya komini, Desemba 1957. Leo mtu wa Shituru mwenye neno la kuiuliza serikali anamtegemea mbunge: ama wa jimbo, aliye Lubumbashi, kiasi cha kilomita 120 kutoka hapa, ama wa taifa, aliye Kinshasa.

Mimi ni mwalimu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa karani wa kamati ya mtaa wetu. Wabunge wanapokuja kusikiliza watu, mimi ndiye ninayeandika. Kazi hiyo imenifundisha mambo ambayo sikuyapata darasani.

1. Malalamiko bado si swali

"Maji hayatoki." Hakuna neno ninalolisikia mara nyingi kuliko hilo, na ni la kweli. Lakini mbunge akilibeba jinsi lilivyo mpaka bungeni, waziri atalimaliza kwa dakika moja: serikali inalijua tatizo, mradi unaandaliwa, wananchi wawe na subira. Hapo mbunge anakaa, na sisi tunabaki na bidoni zetu.

Kwa hiyo neno hilo likinifikia, tunakaa chini na wenye malalamiko tulifumue. Ni avenyu zipi? Tangu mwezi gani? Bomba limekauka kabisa, au maji huja usiku wa manane wakati watu wamelala? Bidoni la lita 20 linanunuliwa kwa bei gani, na lilikuwa bei gani mwaka jana? Nani aliandikiwa barua, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa iko wapi?

Wanaojua majibu hayo kwa kawaida hawakai meza ya mbele kwenye mkutano. Ni akina mama na wasichana wanaoamka kabla ya alfajiri. Nilikwenda kukaa nao kisimani na daftari, na kwa asubuhi chache walinipa habari ambazo kamati yetu haikuwa nazo: ni kisima kipi hubadilika rangi mvua zikianza, ni nyumba ipi huuza maji kwa haki, ni mtoto yupi amekuwa akichelewa shule kwa ajili ya foleni. Swali lililotoka kwenye daftari lile lilikuwa na tarehe, majina ya avenyu na bei. Waziri aliyelipokea aliomba muda akatafute majibu. Kuomba muda kwake kulinipa moyo kuliko hotuba yoyote, maana kulionyesha kwamba safari hii jibu la kukariri halikutosha.

Na tulikuwa na haki ya kuuliza. Kifungu cha 48 cha Katiba ya 18 Februari 2006 kinahakikisha haki ya kupata maji safi na umeme. Siku hizi ninakiandika juu kabisa ya karatasi, ili mbunge asianze kwa kubembeleza.

2. Kila swali lina mwenye kulijibu

Kifungu cha 197 kinampa mbunge wa jimbo kazi ya kuisimamia serikali ya jimbo pamoja na huduma za umma za jimbo na za mitaa. Ndiyo mipaka yake. Hawezi kumwita Lubumbashi waziri wa taifa wa nishati. Mbunge wa taifa naye ana kifungu cha 138, kinachomruhusu kuuliza swali la mdomo au la maandishi, swali la jambo la papo kwa papo, kumwita waziri ajieleze, kuomba tume ya uchunguzi, au kuwasikiliza wahusika kwenye kamati. Kifungu hichohicho kinataja pia mashirika ya umma. SNEL, shirika la umeme, na REGIDESO, shirika la maji, ni mali ya dola, kwa hiyo swali la umeme au la bomba kuu mahali pake ni Kinshasa, hata kama nguzo iliyoanguka iko mlangoni kwako. Barabara ya mtaa, soko, mfereji wa maji machafu, matumizi ya bajeti ya jimbo: hayo ni ya Lubumbashi.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini swali likipelekwa kusikokuwa kwake, msimu mzima wa bunge unapotea. Ilipotangazwa ile programu ya maendeleo ya teritwari 145, majirani walitaka tuulize sehemu ya Shituru iko wapi. Ilibidi tuwaeleze kwamba programu ile ni ya teritwari, na Likasi ni mji. Inawahusu jirani zetu wa teritwari ya Kambove. Swali letu likawa jingine: kwa mitaa ya miji iliyochakaa kama huu wetu, mpango ni upi? Naamini hilo lina uzito zaidi.

3. Kwetu, kwa miaka mingi, kampuni ndiyo ilikuwa serikali

Mtu asiyejua historia ya hapa hawezi kuelewa kwa nini wazee wengi wa Shituru hawakuzoea kumwuliza waziri. Viwanda vya Shituru vilianza kazi mwaka 1929 chini ya Union Minière du Haut-Katanga. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kutoa umeme mwaka 1930, na umeme huo ulihitajiwa kwanza kusafisha shaba. Baada ya dola kuchukua migodi mwaka 1967, Gécamines, kampuni ya dola, ikaendelea na desturi ileile: nyumba ya kampuni, hospitali ya kampuni, shule ya kampuni, posho ya unga kila mwezi. Bomba likivunjika, mtu alikwenda ofisi ya kampuni. Hakuna aliyemwandikia gavana.

Kisha mambo yakaanguka. Uzalishaji wa shaba, uliopita tani 470,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika mpango wa kuondoka kwa hiari wa 2003 na 2004, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliacha kazi. Likasi, Kolwezi na Lubumbashi zilijaa watu wenye ufundi mikononi na wasio na mshahara. Huduma zote zilizofungwa kwenye mshahara ule zilikwenda nao.

Swali la wafanyakazi hao, ambao leo ni wazee wanaodai malipo yao, na la wajane wao ndilo gumu kuliko yote niliyowahi kuandika. Bomba lina mwenyewe mmoja. Deni la mzee lina wenyewe watatu, kampuni, dola na mfadhili, na kila mmoja anaweza kumwonyesha mwenzake. Tulichofanya ni kuligawa. Sehemu ya kwanza inahusu malipo ya mwisho: mtu aliahidiwa nini, alipewa nini, karatasi gani inathibitisha. Hiyo ni ya wizara inayosimamia mali ya dola. Sehemu ya pili inahusu mzee jinsi alivyo leo: anatibiwa wapi, kwa fedha za nani, kama raia mzee na si kama mfanyakazi wa zamani. Hiyo serikali haiwezi kumwachia mtu mwingine.

Siku ya kuandika orodha ya wanaodai, mjane mmoja alimwambia mbunge, "Mheshimiwa, pole tumeshapewa nyingi. Sisi tunaomba tarehe." Mbunge aliandika maneno hayo kwenye karatasi yake mwenyewe. Nilimheshimu kwa hilo.

4. Fedha ina njia yake, na njia hiyo imeandikwa

Sheria ya Madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inaugawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, mji, sekta au utemi ambamo uchimbaji unafanyika, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Shaba hutozwa asilimia 3.5 ya thamani yake ya kibiashara.

Nimezoea kuwapigia watu hesabu ubaoni. Shaba ya dola milioni 10 inatoa mrabaha wa dola 350,000. Asilimia 15 yake ni dola 52,500. Ninawaacha waitazame namba hiyo, halafu nauliza ingetengeneza nini mtaani kwetu. Mara moja mkutano unabadilika. Watu waliokuja kuomba msaada wanaanza kuuliza mahesabu, na sauti zao zinakuwa nyingine kabisa.

Kuna pia ile asilimia 0.3 ya mauzo ya mwaka, ambayo kila kampuni yenye haki ya kuchimba inatakiwa iitenge, kwa uchache, kwa miradi ya jamii zinazoizunguka. Kampuni ikichimba kisima kwa fedha hiyo, tunashukuru kwa adabu zetu zote, lakini kisima hicho ni cha kisheria. Mbunge asisimame kwenye uzinduzi akakisifu kama zawadi. Na serikali isikihesabu kuwa kazi yake. Nasema hivyo bila chuki kwa mwekezaji yeyote, kwa sababu nimeona jinsi zawadi inavyoweza kulinyamazisha swali.

Tena kuna fungu linalotoka Kinshasa. Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema majimbo yabaki na asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, na sheria ya 2008 ya maeneo yaliyogatuliwa inataka asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo iteremke mpaka kwenye miji, komini, sekta na utemi. Kwa hiyo mbunge wa jimbo ana swali rahisi la kuuliza kila mwaka: kwa Shituru, kiasi gani kiliingia, lini, na kilifanya nini? Halihitaji utaalamu. Linahitaji kurudiwa.

5. Bunge lina majira yake

Bunge la taifa hukaa kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni, kisha 15 Septemba hadi 15 Desemba. Bunge la jimbo hufungua vikao vyake 30 Machi na 30 Septemba. Kikao cha Septemba ndicho cha bajeti. Faili inayofika Novemba imechelewa. Yetu huwa tayari Agosti.

6. Swali moja linaweza kushinda

Watu wakikata tamaa, ninawakumbusha RAM. Tangu Septemba 2020 kila mwenye simu katika nchi hii alikatwa yuniti kwa jina la rejista ya simu: dola 7 kwa mwaka kwa simu za kisasa, dola 1 kwa zile za zamani. Mama anayeuza mboga aliweka yuniti, zikayeyuka kabla hajampigia mtoto wake. Mwaka 2021 Claude Misare, mbunge wa Uvira, alimpeleka waziri wa mawasiliano, Augustin Kibassa Maliba, mbele ya Bunge la taifa kwa swali la mdomo juu ya makato hayo. Majibu hayakuwaridhisha wabunge, na barabarani watu hawakunyamaza. Mapema mwaka 2022 makato yakafutwa.

Katiba inasema swali la namna ile halifuatwi na kura. Si kama hoja ya kutokuwa na imani, ile iliyomwangusha Waziri Mkuu Ilunga Ilunkamba tarehe 27 Januari 2021. Mtu anaweza kudhani kwamba swali lisilo na kura halina meno. RAM ilinionyesha vingine. Swali lile lilikuwa na nguvu kwa sababu kila aliyekuwa akilisikiliza redioni alikuwa na ushahidi mfukoni mwake. Tangu hapo, kila tunapoandika ninatafuta kitu cha namna hiyo: risiti, ankara ya umeme wa mwezi ambao taa haikuwaka, kadi ya kliniki.

7. Jibu lisirudi peke yake

Kikao kikifungwa, wabunge huwa na likizo ya bunge, na wanatakiwa waitumie kukaa na waliowachagua, kisha watoe ripoti. Sisi huwaomba walete jibu lenyewe, kwa maandishi, walisome mbele ya watu. Mbunge mzuri haogopi kusema kwamba waziri ameahidi na bado hajatimiza. Kule Tanzania mbunge akishajibiwa huruhusiwa kuuliza swali la nyongeza papo hapo. Kwetu, nyongeza inatengenezwa mtaani, kwenye ukumbi wa parokia, na wale wanaojua kama mafundi walifika au hawakufika.

Na mbunge asipopatikana, raia hajafungiwa. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka hiyo inatakiwa ijibu ndani ya miezi mitatu. Tunaitumia. Tarehe ya kupokelewa tunaiandika kwa wino mwekundu, na miezi mitatu ikitimia, nakala inakwenda kwa mbunge.

Faili ya kikao cha Septemba ina maswali mawili. La kwanza ni la jimbo: asilimia 15 ya mrabaha kwa mwaka uliopita, akaunti gani ilipokea, na komini ilipata kiasi gani. La pili ni la taifa: uchaguzi wa madiwani katika komini ambazo hazikupiga kura mwaka 2023 utafanyika lini, ili mtoto wa Shituru aweze siku moja kuuliza habari za bomba lake bila kusafiri kilomita 120. Wajane wameomba orodha yao iambatanishwe tena, na nimeiambatanisha.