Dondoo muhimu: Tumbo likijaa gesi

Ukipika pojo au kunde za nazi hapa Gede, kaanga kwanza chembe ya mvuje, ndogo kama punje ya mtama, kwenye mafuta ya moto, kisha utie kitunguu. Wapishi wa Kihindi wanaofuata Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, hufanya hivyo kupunguza gesi. Lakini mvuje usimnyweshe mtoto mchanga hata akilia kwa msokoto: unaweza kudhuru damu yake. Kumfunga mvuje mkononi, kama wafanyavyo bibi zetu, ni jambo jingine.

Baada ya mlo, chemsha kijiko cha chai cha bizari nyembamba na kipande cha tangawizi, unywe vuguvugu. Mwenye kiungulia apunguze tangawizi. Ukitaka kunywa uwatu badala yake na unatumia dawa za kisukari, muulize daktari kwanza, kwani uwatu hushusha sukari. Ukiona damu chooni au unakonda bila sababu, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.