Mwanafunzi na Kujisomea: Mfano wa Birika

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Jueni, enyi ndugu, ya kuwa elimu haikamiliki kwa kuhifadhi maneno ya mwalimu peke yake. Kijana wa Rangwi, katika milima ya Usambara, akiteremka kusoma Tanga, hukaa chuoni miaka, kisha hurejea kwao na mwalimu wake yu mbali. Watu wakimwuliza lisilokuwamo katika alilohifadhi, atajibu nini? Akinyamaza, wamekosa manufaa. Akibahatisha, amewapoteza na yeye amepotea.

Natutazame mfano mmoja. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, maji yaliyotimia kulateni hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi, ila yakibadilika rangi, au tamu, au harufu. Yakipungua hapo, hunajisika kwa kuguswa nayo tu. Na kipimo cha kulateni ni pahala penye urefu wa dhiraa na robo, na upana kadhalika, na kina kadhalika.

Basi msikiti una birika la urefu wa dhiraa 2, upana dhiraa 1, na kina dhiraa 1, nalo limejaa. Imeanguka najisi, na maji hayakubadilika. Aliyehifadhi tu atasema: "Upana haukufika dhiraa na robo, wala kina, maji ni machache." Atawaamuru watu wayamwage, na sala zao wazirudie. Lakini aliyefahamu atazidisha: urefu kwa upana kwa kina. Kulateni ni 1 na sehemu 61 katika 64. Birika ni 2 kamili. Maji yametimia, na udhu wa watu ni sahihi. Kitabu ni kimoja na mwalimu ni mmoja. Waliachana katika kufikiri.

Kwa hiyo yampasa mwalimu asifanye haraka kujibu kila swali. Amwache mwanafunzi apime birika kwa mkono wake, alete jibu pamoja na hoja yake. Na mwanafunzi yampasa mambo matatu: ausome mlango kabla ya darasa, baada ya darasa adurusu na mwenzake, huyu akiuliza na huyu akijibu, na kila hukumu aitafutie sababu yake.

Wala hii si ruhusa ya kutoa fatwa kwa rai tupu. Alilolipata na alirudishe kwa mwenye elimu, lipimwe.

Muzani, mwanafunzi wa Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 264 wa Hijra, aliwajulisha wasomaji mwanzoni mwa Mukhtasar wake ya kuwa Imamu alikataza kufuatwa kibubusa, yeye na wengineo. Na katika pwani yetu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitoa Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, ili watu wajisomee wafahamu.

Basi mwalimu asiyemzoeza mwanafunzi kutafuta, siku ya kufa kwake huzikwa na chuo chake.

Wallahu aalam.